Penseli Ndani ya Jeneza

Justa aligundua kwamba penseli haipo Ijumaa asubuhi, akiwa amesimama mbele ya ubao na mkono umeshakwenda wenyewe kwenye mfuko wa ovaroli bila kutumwa. Mkono ukarudi mtupu. Akaupeleka tena, safari hii kwa adabu, labda mara ya kwanza haukutafuta vizuri. Halafu akaanza kujipapasa mwili mzima, kifua, kiuno, mapaja, hata ndani ya soksi. Pale karakanani kwao Buswelu, fundi mwenzake Mhoja alikuwa anakunywa chai kwa mihogo, na ghafla akawa hanywi tena.

"Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu."

"Mbona unajipekua?"

"Nawashwa."

Mhoja akaweka kikombe chini taratibu, na usoni mwake kukaanza kutoka tabasamu ambalo lilikuwa limesubiri mwaka mzima.

Ili uelewe kwa nini mwanamke wa miaka thelathini na minne, anayeweza kubeba gogo la mninga begani, anadanganya kwamba anawashwa, lazima uijue hiyo penseli. Ilikuwa ya chuma kitupu, nzito, ya zile za kubonyeza kichwani ncha ikachungulia. Asubuhi ilikuwa ya baridi vidoleni, saa sita ilikuwa na joto la mwenye kuishika. Pale pa kushikia palikuwa na michongo midogo midogo iliyovila vidole vya Justa mpaka vikaota sugu. Haikuchongwa hata siku moja. Zile penseli bapa nyekundu za dukani, ambazo kila seremala anachomeka sikioni, ukipiga nazo mistari mitano, wa sita unatoka mnene kama mkia wa panya, na hapo ndipo majeneza yanapoanza kupishana pande. Penseli hii ilipiga mstari wa mia sawasawa na wa kwanza.

Ilikuwa na kasoro zake pia, na ilizibeba kwa kiburi. Kifutio kilichofichwa chini ya kofia yake kilikuwa kimegeuka jiwe zamani sana, kazi yake ilikuwa kupaka uchafu. Vijiti vyake vya kuandikia vilikuwa vinene kuliko vya siku hizi, na Mwanza nzima Justa alivipata kwa Khalidi peke yake, mwenye duka la vifaa vya ofisi kule mjini, ambaye alimkabidhi kwa siri kana kwamba ni dawa ya mapenzi. Ukikaa vibaya ilikuchoma paja. Na kila aliyeiazima aliibonyeza, ka, ka, ka, mpaka kijiti chote kikatoka nje kikavunjika, halafu akairudisha akisema ni mbovu. Mhoja alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Mhoja hubonyeza kitu chochote kana kwamba anakamua jipu.

Juu kidogo ya ncha kulikuwa na kibonde, na kibanio chake kilikuwa kimelala kushoto. Mzee Nathaniel, mwenye karakana, alisimulia kwamba ilimdondoka kutoka juu ya paa la kanisa siku walipokuwa wanapaua. Kidole gumba cha Justa kililala ndani ya kibonde hicho kama kimetandikiwa kitanda.

Sasa, kwenye karakana ya Mzee Nathaniel, aliyeshika penseli ndiye aliyepiga mstari, na waliobaki waliufuata na misumeno yao. Mambo mengine yote, nani amesoma chuo cha VETA, nani ana mvi, nani ni mwanamume, yalikuwa porojo. Mwaka uliopita macho ya Mzee yalipoanza kuona ukungu, aliwaita wote wawili, akachomoa penseli mfukoni, akampa Justa. Mhoja alikuwa na miaka kumi na minne ya kazi pale. Justa alikuwa na tisa.

"Huyu anapiga mstari," Mzee alisema. "Na wewe Justa, siku hii kitu ikipotea, kiti ni cha Mhoja. Sitaki maelezo."

Mhoja hakumsalimia kwa wiki mbili. Baada ya hapo alianza kumsalimia kwa heshima nyingi mno, akawa anamwangalia mfuko. Na kila Jumamosi asubuhi Mzee alikuja kukagua, na kabla hajauliza habari za watoto alinyoosha mkono. Justa alimpa penseli, Mzee akaigeuza, akaibonyeza mara moja, akairudisha. Kesho ilikuwa Jumamosi.

Justa akaketi juu ya rundo la mbao, akaanza kurudi nyuma kwa hatua. Kazi ya mwisho ilikuwa jeneza la Mwalimu Shimba, mstaafu wa Sengerema aliyefariki hospitalini hapa Mwanza akiwa na miaka themanini na moja. Mwanawe, Antoni, ndiye aliyeleta kipimo Jumatano, akataka mninga. Mbao za mninga zilizokuwepo zilikuwa akiba ya Mzee Nathaniel mwenyewe, kwa hiyo Justa alimpigia simu kuomba ruhusa.

"Umesema nani amekufa?"

"Mwalimu Shimba, Mzee. Wa Sengerema."

"Tumia zote," Mzee alisema, akakata.

Na Alhamisi, siku ambayo haikuwa yake, alitokea juu ya bodaboda amevaa koti la kanisani. Alikuja kwa ajili ya mkono wa mwisho. Hiyo ilikuwa desturi yake tangu anaanza kazi: jeneza halitoki kabla hajaingiza kiganja ndani na kulipapasa lote, kutafuta kibanzi, kwa sababu, alisema, atakayelala humo hawezi kulalamika. Alipapasa. Akaomba penseli, akainama akatazama sana pale kwenye mto. Akamtuma Justa maji ya kunywa. Justa aliporudi nayo, Mzee akanywa nusu, akasema, "Funga," akaondoka bila chai. Baada ya muda Antoni akaja na pikapu.

Kwa hiyo iliingia mule. Hakukuwa na mahali pengine. Justa alikuwa na tabia mbaya ya kuibana penseli kwenye kitambaa cha ndani, pale juu ya mto, mikono yake inapokuwa na kazi. Bila shaka Mzee alimrudishia, naye akaibana pale huku anafunga, akafunga nayo. Kumpigia Mzee kuuliza ilikuwa sawa na kumbebea Mhoja kiti mpaka nyumbani kwake.

Akavua ovaroli, akajifunga kitenge.

"Unaenda wapi?" Mhoja akauliza.

"Kuzika."

"Kumzika nani?"

"Mteja."

"Tangu lini tunazika wateja? Si tungekuwa makaburini kila siku?"

Justa alikuwa ameshapungia bodaboda.

Kwenye kivuko cha Kamanga alisimama peke yake kwenye reli, ziwa likimrushia upepo wa samaki, akafanya mazoezi ya maneno. Samahani wafiwa, kuna kifaa changu kimebaki ndani. Samahani mama, naomba dakika moja nimpekue marehemu. Kila sentensi aliyoitunga ilimalizika yeye akifukuzwa kwa mawe. Alikuwa na hofu ya kweli. Miaka tisa alikuwa amekula vumbi la mbao, wateja wakimpita kwenda kumuuliza Mhoja bei. Ni ile penseli tu iliyowafanya wageuke. Bila hiyo angekuwa tena yule dada anayefagia maranda.

Msibani kulikuwa na maturubai matatu na watu wengi kuliko alivyotegemea. Mwalimu Shimba alikuwa amefundisha nusu ya Sengerema na kuchapa nusu iliyobaki. Jeneza lilikuwa juu ya meza katikati ya uwanja, kifuniko cha kichwani kimefunguliwa, na waombolezaji wakipita mmoja mmoja kumuaga. Justa akajipanga. Akiwa watu kumi nyuma aliona jinsi pembe zilivyokaa, mstari umefungana na mstari, hata unywele usingepita, na akajisikia fahari ambayo si ya msibani hata kidogo.

Akafika. Mwalimu Shimba alikuwa amelala na suti ya bluu, amekunja uso kama mtu anayesahihisha hesabu za darasa zima na hajaona tiki. Na kwenye mfuko wa juu wa koti lake, ikimeremeta, kibanio kimelala kushoto, ilikuwepo penseli.

Wamemvalisha! Justa alitegemea kuikuta kwenye mto, aichomoe kiujanja huku anajifanya anasali. Hakutegemea kwamba marehemu atakuwa ameshaimiliki. Mkono wake, ule ule usiosubiri kutumwa, ukaenda.

Haukufika. Kina mama wawili wanene walimdaka kwapani, kila mmoja upande wake.

"Jikaze, mwanangu! Jikaze!"

"Naomba tu pale mfukoni," Justa alisema, na kwa kuwa sauti ilimtoka ikiwa imekabwa, watu wakaangua kilio upya. Walimburuta mpaka kwenye mkeka wa ndani, karibu na mjane, wakampepea kwa kanga. Nyuma yake alisikia mnong'ono ukianza safari.

"Huyu nani?"

"Hujui? Mtoto wa nje huyo."

"Mwalimu? Jamani, Mwalimu!"

"Itazame hiyo pua."

Pua ya Justa ilitoka kwa babu yake wa Misungwi, mtu ambaye hakuwahi kuvuka maji maishani mwake. Lakini pale msibani ilishapata baba mwingine.

Mjane, Bibi Sabina, alikuwa kikongwe mdogo mwenye macho makavu na makali. Alimtazama Justa kuanzia miguuni.

"Wewe ni nani, mayu?" akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mimi ndiye fundi wa jeneza, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na huwa unalia hivi kwa kila jeneza?"

"Hapana, bibi. Hili ni la mninga."

Bibi Sabina alilifikiria jibu hilo, akaona linatosha. Akamsogezea Justa nafasi kwenye mkeka.

"Basi nikuambie wewe uliyelitengeneza," alisema. "Jana walipomleta nilisema nifungue nimtengeneze shingo. Nikakuta nini? Penseli yake. Imebanwa pale juu ya mto. Ilipotea mwaka sabini, mwaka uliofuata baada ya harusi yetu."

"Penseli yake?" Justa alisema.

"Zawadi ya chuoni. Alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Sikuwahi kumuona analilia kitu, hata mama yake alipokufa, lakini kwa penseli ile alikataa chakula siku mbili. Na sasa imerudi yenyewe imfuate. Katekista anasema tusiite muujiza kwanza mpaka padri aje. Mimi naita."

Kikongwe huyu alikuwa amechanganya. Penseli zote za chuma zinafanana, na mtu aliyefiwa anaona anachotaka kuona. Lakini unamwambiaje? Muujiza wako, bibi, ulinunuliwa vijiti kwa Khalidi Jumanne hii?

Mambo yalizidi kuharibika wasifu wa marehemu uliposomwa. Antoni alikuwa ameongeza aya kuhusu penseli, na baada ya hapo kila aliyesimama kutoa neno alikuwa na lake la kushuhudia. Mstaafu mmoja wa benki alisema amefika alipofika kwa sababu aligongwa nayo utosini mara tatu. Mama mmoja alisema Mwalimu alimchorea nayo ramani ya ziwa, na mpaka leo akifumba macho anaiona, na visiwa vyote. Mwingine alisema alisahihishiwa nayo barua aliyomwandikia mchumba, barua ikawa nzuri mpaka mchumba akamwoa.

Justa alisikiliza huku damu inamchemka. Watu wa Sengerema, aliamua, walikuwa waongo kupita kiasi. Hiyo ni penseli yangu! alitaka kupiga kelele. Ilidondoka kutoka paa la kanisa! Alipiga magoti, akajifunga kitenge upya. Angesimama, angesema ukweli mbele ya umati wote, wampige mawe au wasimpige, lakini saa kumi awe kwenye kivuko na penseli mfukoni.

Kabla hajasimama, akasimama mzee mmoja mwenye tumbo kubwa na fimbo ya kutembelea.

"Mimi naitwa Chenge," alisema. "Mwaka sabini nilikuwa darasa la sita. Mnasema mligongwa utosini. Mimi nilikoswa. Nilisema saba mara nane ni hamsini na nne, Mwalimu akairusha, nikainama. Ikagonga nondo ya dirisha. Alipoiokota ilikuwa imeingia kibonde hapa, juu ya ncha, na kibanio kimelala kushoto. Nimeitazama leo asubuhi. Kibonde kipo."

Justa alibaki amepiga magoti. Kidole gumba chake kikaanza kusugua hewa.

"Wiki ile ile ikapotea," Chenge aliendelea. "Mwalimu akafunga mlango. Nani kachukua? Kimya. Basi tukala viboko sita sita vya mkono, watoto arobaini na moja. Ni mmoja tu ambaye hakupigwa, Nathaniel, kipenzi chake, aliyekuwa anambebea madaftari. Huyo nani angemshuku? Huyo ndiye aliyetumwa kukata fimbo."

Watu wakacheka kwa huzuni.

"Baadaye akaenda Mwanza kujifunza useremala. Sijui kama yupo hai. Kama yupo, mwambieni kwamba Chenge mkono huu unamuuma mpaka leo kukiwa na mvua."

Na Justa akaona yote kwa mpigo mmoja. Koti la kanisani siku ya Alhamisi. Tumia zote. Mzee ameinama juu ya mto, penseli mkononi, halafu koo limemkauka ghafla anataka maji. Yule mzee! Zaidi ya miaka hamsini anatembea na penseli ya wizi, mwaka mzima anaikagua kila Jumamosi, anaigeuza, anaibonyeza, anatisha watu nayo, na hata paa la kanisa kalisingizia! Si yeye Justa aliyeisahau mule ndani. Mzee ndiye aliyeirudisha, na akamwacha yeye ajipekue mpaka soksi.

Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, kikubwa, hakizuiliki. Akajifunika kitenge uso mzima na kutikisika mabega. Wale kina mama wawili walimrukia tena.

"Mwacheni alie," mmoja alisema. "Baba ni baba."

Ulipofika wakati wa kufunga, Antoni alizunguka umati na bisibisi mkononi, akamwona.

"Fundi! Kumbe umekuja? Njoo ufunge mwenyewe, hizi skrubu zako ni ngumu, jana zimenitoa ngozi."

Mnong'ono ukafa pale pale, ukaacha aibu kidogo. Justa akasogea jenezani. Katekista akaanza sala, na watu wote wakainamisha vichwa. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Penseli ilikuwa umbali wa kidole. Ilikuwa nafasi ambayo asubuhi ile kwenye kivuko hakuthubutu hata kuiota, na kwa kuwa Mungu anajua kila kitu, alijua pia kwamba Justa aliipima.

Alifikiria kiti chake, mstari mwembamba, na uso wa Mhoja kesho asubuhi. Iliuma, hataki kudanganya mtu. Halafu akatazama ule uso uliokunjwa wa mwalimu aliyekataa chakula siku mbili, akaona kwamba ncha ilikuwa imechungulia nje kidogo, na kwamba safarini itaichafua suti. Akaingiza mkono. Akaibonyeza kichwani, akaisukuma ncha ikarudi ndani, akaipapasa mara moja pale kwenye kibonde. Akashusha kifuniko.

Skrubu nane. Alizikaza zote mpaka mwisho.

"Ulitaka kusema kitu pale awali," Bibi Sabina alimwambia wakati anaaga.

"Hapana, bibi. Nilitaka kusema mbao zimekauka vizuri."

Jumamosi asubuhi Mhoja alikuwa amewahi kuliko siku zote. Alikuwa amekisogeza kiti cha Justa karibu na msumeno wake, sio kwamba amekikalia, hapana, amekisogeza tu, na sikioni alikuwa amechomeka penseli bapa mpya. Mzee Nathaniel akaja na bodaboda, akashuka, akakaa kwenye benchi. Hakunyoosha mkono. Alitazama maranda chini.

"Mzee, leo hukagui?" Mhoja alisema. "Muombe penseli. Muombe uone."

"Shikamoo, Mzee," Justa alisema. "Zile fimbo ulizikata kwenye mti gani?"

Mzee akaacha kutazama maranda.

"Mkwaju," Mzee Nathaniel alisema.

"Nyembamba au nene?"

"Nene. Ningekata nyembamba wangenishuku."

"Fimbo gani?" Mhoja akauliza. "Mnazungumza nini?"

"Penseli ile nilitaka nipige nayo mstari mmoja tu," Mzee alisema, na hakuwa anasema na Mhoja. "Nione unavyotoka. Nilipanga kuirudisha Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Kila Jumatatu." Alijipangusa macho yake ya ukungu kwa kiganja. "Alikuwaje?"

"Amekunja uso."

"Alikuwa hivyo hivyo." Akatikisa kichwa. "Penseli walimwekea wapi?"

"Mfuko wa juu. Nimefunga mwenyewe, skrubu nane. Bibi anasema ni muujiza, nami sikumkatalia. Ila mimi, Mzee, umeniumiza. Ungeniambia. Nimemlilia baba wa watu mbele ya kijiji kizima kwa sababu ulinitisha na kitu cha wizi. Nilikuogopa mwaka mzima, kumbe mwenyewe ulikuwa unaogopa kuliko mimi."

"Ni kweli," Mzee alisema.

Mhoja, ambaye alikuwa ameshaelewa nusu na hiyo nusu ilimtosha, akakohoa. "Lakini Mzee, wewe ulisema. Ikipotea, kiti changu. Ulisema hutaki maelezo."

"Haijapotea. Iko panapojulikana." Mzee alinyoosha mkono akachomoa ile penseli bapa kutoka sikioni mwa Mhoja, akachukua patasi, akaichonga polepole kwa kupapasa, akaipuliza, akampa Justa. "Piga mstari."

Justa akaweka kipimo cha kona kwenye ubao, akapiga. Ulitoka mnene. Mhoja akakirudisha kiti mahali pake bila kuambiwa, akachukua msumeno.

Lakini mkono wa Mzee ulikuwa bado umenyooshwa. Kiganja kilitazama juu, kiganja kile kile kilichokuwa kinapapasa majeneza.

"Wenzangu walikula sita sita," alisema. "Mimi bado."

"Mzee, acha mambo hayo."

"Bado, nakuambia."

"Kama wewe unaona aibu, dada," Mhoja alisema, "mimi niko tayari."

Justa akaokota kipande chembamba cha mninga kilichobaki kwenye jeneza la Mwalimu, akakipima mkononi. Akapiga kiboko kimoja, na hakukipunguza. Mhoja akaguna.

"Hicho ni changu," Justa alisema. "Sita vyako utamalizana na Mwalimu mwenyewe mkikutana."

Mzee Nathaniel akakunja vidole, akauchomeka mkono kwapani kama mtoto wa darasa la sita.

"Asante, mwalimu," akasema.